Nuru Huchelewa, Saa Hupungua Mwendo: Mambo Mawili Yanayochanganywa

Maswali kuhusu kusafiri kwa kasi ya nuru huja yakiwa fundo moja. Nikienda kasi kama nuru nitaona yaliyopita? Muda utasimama? Nitarudi nikiwa kijana wakati wenzangu wamezeeka? Kabla ya kujibu lolote kati ya hayo, fundo lenyewe lifunguliwe, kwa sababu ndani yake mna mambo mawili yasiyo na asili moja. La kwanza ni kuchelewa kwa nuru: habari inachukua muda kufika, kwa hiyo kila tunachokiona ni cha zamani kidogo au cha zamani sana. La pili ni saa kupungua mwendo: saa iliyokuwa safarini inarudi ikiwa imehesabu sekunde chache kuliko ile iliyobaki, na upungufu huo ni wa kweli hata baada ya kuondoa ucheleweshaji wote wa nuru. Anayeyachanganya mawili hayo atapotea hata akiwa hodari wa hesabu.

Kuchelewa ndiko kulikogunduliwa kwanza. Io, mmoja wa miezi ya Mshtarii, huizunguka sayari yake kwa saa 42 na nusu hivi, na katika kila mzunguko huingia kivulini na kutoka. Mwanaastronomia Ole Rømer, aliyekuwa akifanya kazi Paris, aliona kwamba katika kipindi ambacho Dunia inajitenga na Mshtarii, Io huchelewa kujitokeza. Dunia inapoisogelea, Io huwahi. Mwaka 1676 alitabiri kwamba kujitokeza kwake tarehe 9 Novemba kungechelewa kwa dakika 10 hivi, na ikawa hivyo. Mwezi haukuwa umebadili mwendo. Ni nuru iliyokuwa na njia ndefu zaidi ya kupita. Rømer alikadiria kuwa nuru huchukua dakika 22 kuvuka kipenyo cha njia ya Dunia kulizunguka Jua. Leo tunajua ni kama dakika 16 na sekunde 38. Tarakimu zake zilikosea, hoja yake haikukosea.

Siku hizi kasi hiyo haipimwi tena. Tangu 1983 mita yenyewe hufafanuliwa kwa kutumia nuru, hivyo kasi ya nuru katika ombwe ni mita 299,792,458 kwa sekunde kamili, bila desimali. Ukianza na hapo, umri wa kila unachokiona ni kugawanya tu. Mwezi unauona ulivyokuwa sekunde 1.3 zilizopita, Jua dakika 8 na sekunde 19, sayari ya Neptune saa 4 hivi, Proxima Centauri, nyota iliyo karibu nasi kuliko zote baada ya Jua, miaka 4.24. Galaksi ya Andromeda, ambayo penye giza zuri huonekana kwa macho matupu kama doa hafifu, unaiona ilivyokuwa miaka milioni 2.5 iliyopita.

Hapa kuna dhana moja inayorudiwa mno, kwamba nyota nyingi tunazoziona usiku zimekwisha kufa. Si kweli. Nyota moja moja tunazoziona kwa macho matupu zote zimo ndani ya galaksi yetu, nyingi zikiwa umbali wa miaka ya nuru mamia au elfu chache (mwaka wa nuru ni umbali ambao nuru husafiri kwa mwaka mmoja). Nyota huishi mamilioni hadi mabilioni ya miaka. Kuchelewa kwa miaka elfu moja katika umri wa miaka bilioni moja ni kitu kidogo sana, kwa hiyo karibu zote zingali zinawaka.

Sasa saa. Mwaka 1905 Einstein alianza na dai kwamba kila mpimaji, awe ametulia au anasonga kwa mwendo usiobadilika, atapata kasi ileile ya nuru. Ukilikubali hilo, muda hauwezi kubaki mmoja kwa wote. Hesabu yake ni fupi. Gawanya kasi ya msafiri kwa kasi ya nuru. Zidisha jibu kwa lenyewe. Litoe kwenye 1. Tafuta kipeuo cha pili cha kilichobaki. Hiyo ndiyo sehemu ya muda ambayo saa ya msafiri itahesabu. Kwa asilimia 80 ya kasi ya nuru: 0.8 mara 0.8 ni 0.64, 1 kutoa 0.64 ni 0.36, na kipeuo chake ni 0.6. Saa 10 za waliobaki ni saa 6 za aliyeondoka. Kwa asilimia 10 ya kasi ya nuru unapata 0.995, ambayo ni tofauti ndogo mno. Kwa asilimia 50 ni 0.866, kwa 90 ni 0.436, kwa 99 ni 0.141, na kwa 99.99 ni 0.0141. Athari yote imejificha mwishoni kabisa mwa njia.

Kikokotoo cha kawaida hukwama katika kasi ndogo. Weka ndege inayokwenda mita 250 kwa sekunde, na kikokotoo cha tarakimu kumi kitakurudishia 1 kamili, kana kwamba hakuna kilichotokea, kwa sababu 0.0000000000007 imekatwa njiani. Kwa kasi hizo achana na kipeuo: chukua uwiano wa kasi, uzidishe kwa wenyewe, gawanya kwa 2. Hicho ndicho kiasi ambacho saa inapoteza katika kila sekunde. Kituo cha Kimataifa cha Anga kinakwenda kilomita 7.66 kwa sekunde, na njia hiyo inakupa hasara ya mikrosekunde 28 hivi kwa siku (mikrosekunde ni sehemu moja ya milioni ya sekunde). Toa mikrosekunde 3.5 ambazo urefu wa kilomita 400 unazirudisha, kwa kuwa saa iliyo mbali na mvutano wa Dunia hukimbia zaidi, na mwanaanga aliyekaa miezi sita anarudi akiwa mdogo kwa milisekunde 4.5 kuliko ambavyo angekuwa.

Ushahidi si wa nadharia tu. Chembe ziitwazo muoni huzaliwa juu angani, kilomita 15 hivi kutoka ardhini, miale ya anga inapogonga hewa. Muoni iliyotulia huishi wastani wa mikrosekunde 2.2, muda ambao hata nuru ingesafiri mita 660 tu. Lakini zinafika ardhini kwa wingi. Huko CERN, maabara ya chembe iliyoko karibu na Geneva, katika majaribio yaliyochapishwa 1977, muoni ziliwekwa katika njia ya duara kwa kasi ambayo saa yake inapaswa kupungua mara 29.3. Umri wake ulipimwa ukawa mikrosekunde 64 hivi, sawasawa na hesabu. Mwaka 1971 Hafele na Keating walizungusha saa nne za atomu duniani kwa ndege za abiria: zilipokwenda mashariki zilipoteza nanosekunde (sehemu za bilioni za sekunde) 59, zilipokwenda magharibi zilipata 273, kwa sababu mzunguko wa Dunia wenyewe huongeza au hupunguza kasi ya ndege.

Setilaiti za GPS, zinazoiwezesha simu kujua ilipo, zinastahili tuzame kidogo, maana ndizo zinazotajwa zaidi na kuelezwa vibaya zaidi. Zinapita kwenye kimo cha kilomita 20,200 kwa kasi ya kilomita 3.87 kwa sekunde. Kasi inazipunguzia mikrosekunde 7 kwa siku. Kimo kinaziongezea 45. Jumla zinawahi kwa mikrosekunde 38. Dawa yake huwekwa kabla ya kurushwa: mtetemo wa saa unaotakiwa kuwa megahezi 10.23 hutegwa kwenye 10.22999999543, ili ukifika juu usomeke 10.23 kutoka chini. Setilaiti ya majaribio NTS-2 ilirushwa 1977 ikiwa na swichi ya kuwasha marekebisho hayo. Iliachwa imezimwa kwa siku 20, na saa ikakimbia sehemu 442.5 katika trilioni moja. Nadharia ilikuwa imetabiri 446.5.

Zidisha mikrosekunde 38 kwa kasi ya nuru upate kilomita 11 na kitu, na hapo ndipo wengi huandika kwamba bila Einstein ramani ya simu ingekosea kwa kilomita 11 kila siku. Haiko hivyo moja kwa moja. Kipokezi hutatua mambo manne kwa pamoja, yaani mahali katika pande tatu na kosa la saa yake chenyewe. Kosa linalofanana kwenye setilaiti zote humezwa kwa sehemu kubwa na hilo la nne. Kinachoumiza mahali ni tofauti kati ya setilaiti na setilaiti. Njia zake si duara kamili, hivyo kila moja huharakisha na kupunguza mwendo kwa wakati wake. Njia iliyoachana na duara kwa kiasi cha 0.01 tu (duara kamili ni 0) huyumbisha saa kwa nanosekunde 23 kila upande, sawa na mita 7, na marekebisho hayo hufanywa ndani ya kipokezi chenyewe. Na anayechukua muda kutoka GPS, kama mitandao ya simu na ya umeme, ndiye angeathirika moja kwa moja na zile mikrosekunde 38.

Tuyaweke sasa mambo yote mawili katika safari moja, maana hapo ndipo utofauti wake unapoonekana wazi. Sirius iko umbali wa miaka 8.6 ya nuru. Chombo kinaondoka kwa asilimia 80 ya kasi ya nuru, kinafika, kinageuka papo hapo na kurudi. Kwa saa za Dunia kila upande ni miaka 10.75, jumla 21.5. Kwa saa ya chombo kila upande ni miaka 6.45, jumla 12.9. Msafiri hapimi kwamba saa yake ni nzito. Anapima kwamba njia ni fupi: kwake umbali ni miaka 5.16 ya nuru tu, na 5.16 gawanya kwa 0.8 ni 6.45.

Hayo ndiyo ya kuhesabu. Ya kuona ni mengine. Mpe msafiri darubini nzuri iliyoelekezwa kwenye saa ya ukutani huku Dunia. Akiwa anaondoka, saa ile inapungua mwendo kwa 0.6, na juu ya hapo kila mlio wake una njia ndefu kuliko uliotangulia, jambo linaloigawanya tena kwa 1.8. Anaiona ikienda theluthi moja ya mwendo. Kwa miaka yake 6.45 ya kwenda anaona miaka 2.15 tu ya Dunia ikipita. Akigeuka, ile 0.6 inabaki palepale, ila kuchelewa kunageuka kuwa kuwahi na kuzidisha kwa 5: sasa anaona saa ya Dunia ikikimbia mara 3. Miaka 6.45 mara 3 ni 19.35. Jumlisha na 2.15, ni 21.5 kamili.

Aliyebaki naye anaangalia chombo. Anakiona kikienda theluthi moja ya mwendo, lakini kwa muda gani? Chombo kinageuka mwaka wa 10.75, na picha ya kugeuka inachukua miaka 8.6 kumfikia. Kwa hiyo anaona mwendo wa polepole kwa miaka 19.35, kisha mwendo wa mara 3 kwa miaka 2.15 iliyobaki. Kila kipindi kinamwonyesha miaka 6.45 ya chombo. Jumla 12.9. Aliyegeuka aliona picha ikibadilika palepale alipogeuka, na asiyegeuka akaiona baada ya habari kumfikia. Ndiyo maana mmoja anazeeka kuliko mwenzake, na wala si kitendawili tena mtu akiifuata hesabu hii kwa penseli.

Angalia pia kisichotokea. Hakuna hatua ambapo picha inarudi nyuma. Ongeza kasi ya kuondoka hadi asilimia 99.9999 na saa ya Dunia itaonekana karibu imeganda, lakini bado inakwenda mbele. Kuona yaliyotokea kabla hujaondoka kungehitaji uipite nuru iliyokwisha kutangulia, na hilo halipo. Swali la "nuru yenyewe huhisi muda gani" nalo halina jibu la sifuri kama linavyojibiwa mara nyingi: nuru haina mahali pa kutulia pa kufungia saa, hivyo hakuna saa ya kusoma.

Wazo la kioo basi? Weka kioo umbali wa miaka 33 ya nuru, ujione ulivyokuwa miaka 66 iliyopita. Ni sawa kabisa, isipokuwa kioo lazima kiwe kimefika. Kikitumwa leo, nuru yote iliyoondoka kabla yake iko mbele yake daima, kwa hiyo hakitaakisi chochote cha kabla ya kurushwa.

Lakini vioo ambavyo hakuna aliyevituma vipo. Mwaka 1572 mwanaastronomia Tycho Brahe alitazama supanova, yaani mlipuko wa nyota, katika kundinyota la Cassiopeia. Sehemu ya nuru ile haikuja moja kwa moja. Iligonga mawingu ya vumbi la mbali na kuakisiwa, ikachelewa kwa karne nne na zaidi. Mwaka 2008 wanaastronomia wakitumia darubini ya Subaru, Hawaii, waliichambua nuru hiyo ya mzunguko na kukuta alama za supanova ya aina ya Ia, yaani mlipuko wa nyota kibete nyeupe. Tukio lilelile lilitazamwa mara mbili kwa tofauti ya miaka 436. Mvutano nao hufanya kazi hiyo. Supanova iliyopewa jina la Refsdal ilionekana 2014 katika picha nne kwa pamoja, nuru yake ikiwa imepindishwa na kundi la galaksi lililo njiani. Waliokokotoa njia za nuru walisema kuna picha nyingine bado inakuja. Ilifika Desemba 2015, na darubini ya Hubble ilikuwa inaisubiri. Kwa maoni yetu huo ni mmoja wa utabiri mzuri kuliko wote katika elimu ya anga.

Wengine hupenda kusema kwamba mtu aliye umbali wa miaka milioni 66 ya nuru angewaona dinosaria leo. Nuru ipo, lakini kuona kuna bei. Kipenyo cha darubini kinachohitajika ni 1.22 mara urefu wa wimbi mara umbali, gawanya kwa ukubwa wa kitu. Kwa nuru ya kijani na mnyama wa mita 10, jibu ni kilomita trilioni 38: kioo chenye upana wa miaka 4 ya nuru, karibu sawa na umbali kutoka hapa hadi Proxima Centauri.

Kusafiri kwenyewe kunazuiwa na mambo mawili kabla hata ya kufikiria injini. La kwanza ni nishati. Kilo 1 kwa asilimia 90 ya kasi ya nuru hubeba jouli zipatazo 116 zikifuatiwa na sifuri 15, sawa na saa za kilowati bilioni 32. Chombo cha tani 1,000 kingekula nishati yote inayotumiwa na wanadamu kwa karibu karne mbili, na kufunga breki ni bei hiyohiyo tena. Protoni za CERN hufikishwa pungufu ya nuru kwa mita 3 hivi kwa sekunde, lakini hizo ni chembe. Chombo chenye kasi kuliko vyote tulivyowahi kurusha, Parker Solar Probe, kilifikia kilomita 192 kwa sekunde Desemba 2024. Hiyo ni asilimia 0.064 ya kasi ya nuru.

La pili ni njia yenyewe. Anga kati ya nyota si tupu kabisa. Tuseme kuna atomu 1 ya haidrojeni katika kila sentimita ya ujazo. Kwa asilimia 90 ya kasi ya nuru atomu hizo zinageuka kuwa mnururisho mkali unaomimina kilowati 50 kwenye kila mita ya mraba ya uso wa mbele, mfululizo, mwaka mzima. Punje ya vumbi ya miligramu 1 ingelipuka kama tani 28 za kilipuzi cha TNT. Ngao nzito inahitajika, na ngao nzito inaongeza nishati, na hapo unarudi kwenye tatizo la kwanza.

Tuseme yote yametatuliwa na chombo kinaongeza kasi kwa kiwango cha mvutano wa Dunia, ili abiria wasimame sakafuni kama kawaida, kikigeuka nusu ya njia na kuanza kupunguza. Proxima Centauri inafikiwa kwa miaka 3.5 ya chombo, huku Dunia ikipitisha 5.9, kasi ya juu kabisa njiani ni asilimia 95 ya nuru. Katikati ya galaksi yetu, miaka 26,000 ya nuru, ni miaka 20 ya chombo. Andromeda ni kama 29. Namba hizo ni sahihi na zinavutia, ila mafuta yanazipinga. Hata injini kamilifu inayogeuza kila gramu ya mafuta kuwa nuru ingehitaji kilo 38 mwanzoni kwa kila kilo inayofika Proxima, na kwa katikati ya galaksi, zaidi ya tani 700,000 kwa kila kilo.

Na kuna mipaka ambayo hata kasi ya nuru kamili haiivuki. Mwaka 2024 ilitangazwa kwamba darubini ya James Webb imeiona galaksi JADES-GS-z14-0 kama ilivyokuwa ulimwengu ukiwa na umri wa chini ya miaka milioni 300. Kwa kuwa anga limeendelea kutanuka wakati nuru hiyo iko njiani, galaksi ile leo iko zaidi ya miaka bilioni 33 ya nuru kutoka hapa. Kutanuka huko huko kunarefusha pia muda wa tunachokiona: supanova iliyo mbali kiasi kwamba mawimbi yake yamerefuka mara mbili huonekana ikififia kwa siku mara mbili, na mradi wa Dark Energy Survey ulilithibitisha hilo mwaka 2024 kwa supanova zaidi ya 1,500. Kwa kiwango cha kutanuka kinachopimwa sasa, nuru inayoondoka leo haitaifikia kamwe galaksi ambayo leo iko mbali zaidi ya miaka bilioni 16 au 17 ya nuru. JADES-GS-z14-0 iko karibu mara mbili ya hapo. Tunaweza kuitazama kila usiku kwa darubini ifaayo, na hakuna chombo, hata cha nuru tupu, kitakachofika.